Yai la Fuoni, soya ya Mato Grosso

Jirani yangu wa Fuoni, hapa Unguja, anafuga kuku wa mayai wasiopungua mia tatu, na ana daftari la skuli ambamo huandika kila kiroba cha chakula kinachoingia bandani. Siku moja alilifungua daftari hilo barazani, akaweka kidole kwenye mstari. "Nitazamie hapa, mwanangu. Mahindi yameshuka. Pumba imeshuka. Mashudu ya soya ndiyo yamekataa. Hao wenye soya yao nimewakosea nini?"

Nikamwambia, "Bi mkubwa, nipe siku mbili tatu." Zikawa wiki tatu. Kila nilipovuta uzi ulinipeleka mbali zaidi: Dar es Salaam, Lusaka, Chicago, halafu pwani ya Peru. Mwisho ukanirudisha Pemba, kwenye mikarafuu, na hapo ndipo mambo yaliponikalia sawa.

Mitaani kwetu soya tunaijua kama unga. Hutiwa kwenye uji wa lishe wa mtoto, au hukaangwa ikanywewa na watu walioambiwa wapunguze kahawa. Ukiishia hapo utadhani soya ni chakula cha watu. Duniani, katika kila kilo mia za soya, kilo saba hivi tu ndizo zinazoliwa na binadamu moja kwa moja, kama tofu, maziwa ya soya, sosi nyeusi ya Wachina na vitu vya namna hiyo. Robo tatu nzima inaishia tumboni mwa mnyama: kuku, nguruwe, samaki wa kufugwa, ng'ombe wa maziwa. Kinachobaki ni mafuta ya kupikia, mafuta ya magari na mambo ya viwandani.

Sababu iko ndani ya punje. Kamua kilo mia za soya, utapata mafuta kilo 18 au 19 na mashudu karibu 80. Mashudu hayo yana protini kiasi cha asilimia 44 hadi 48, na si protini ya kubahatisha. Mahindi humtia kuku nguvu lakini ni maskini wa laisini, kitu ambacho mwili hauwezi kujenga nyama wala yai bila yake. Soya ina laisini tele. Changanya viwili hivyo, ongeza chokaa na vikorombwezo vingine kidogo, na umepata chakula ambacho kimeubadilisha ufugaji wa dunia nzima. Kuku wa nyama wa kilo mbili, wale wa wiki tano au sita, amekula kama kilo tatu na nusu za chakula, na karibu kilo moja ya hizo ni mashudu ya soya.

(Wenye tamaa ya kukata gharama wasikimbilie kumwaga soya mbichi kwenye kihori. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kuisaga protini, na kuku atakula, atashiba, na hatakua. Lazima ipitie moto kwanza.)

Kwa hiyo hata asiyejua soya inafananaje, akila chipsi kuku pale Darajani ameila. Na kama paja lile limetoka kwenye jokofu la kuku wa Brazil, basi ameila soya iliyovuka bahari ikiwa imevaa ngozi ya kuku. Brazil ndiyo muuzaji mkubwa wa nyama ya kuku duniani, na haikuwa hivyo kwa bahati. Inauza soya kama soya, na inauza soya kama kuku.

Karafuu kinyumenyume

Sasa niende Pemba kidogo, msomaji anisamehe.

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia. Wafaransa walizitoa wakazipanda Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 zikafika Unguja na Pemba. Zikashika udongo wetu kama zimezaliwa hapa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo karafuu na karafuu ndiyo Pemba. Na mnunuzi wetu mkubwa alikuwa nani katika karne ya 20? Indonesia hiyo hiyo, kwa ajili ya sigara zake za kretek zinazochanganywa na karafuu. Mmea uliondoka kwao, ukaja kukua kwetu, kisha ukarudi kwao kwa meli ukiwa bidhaa ya kununuliwa.

Soya ni hadithi hiyo hiyo kwa kipimo cha kutisha. Ni mmea wa China. Wachina wameulima kwa maelfu ya miaka. Leo China inavuna yapata tani milioni 20 kwa mwaka, na mwaka 2024 iliagiza tani milioni 105 kutoka nje. Katika soya yote inayovuka mipaka duniani, karibu asilimia 60 inakwenda kwake. Wanaoilima ni wageni wa mbali: msimu wa 2024/25 dunia ilivuna zaidi ya tani milioni 420, na katika kila tani tano, nne zilitoka nchi tatu tu. Brazil peke yake ilipita milioni 165, Marekani karibu milioni 119, Argentina kama milioni 50.

Tarakimu hizi hazishikiki kichwani, kwa hiyo nilizipima kwa mizani ya nyumbani. Unguja na Pemba pamoja hazizidi sana kilomita za mraba 2,600. Tufanye kichaa: tung'oe mikarafuu, minazi, Mji Mkongwe, uwanja wa ndege na misitu ya mikoko, tupande soya kila inchi, na tuvune kwa kiwango cha mkulima wa Brazil, kama tani tatu na nusu kwa hekta. Mavuno ya visiwa vizima yangefidia soya ambayo China huagiza nje kwa siku tatu na kitu tu.

Kwa nini China isilime mwenyewe? Indonesia ilifanya hivyo kwa karafuu. Ilipanda mikarafuu yake kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 ikajitosheleza, bei ikaanguka, na wazee wa Wete na Mkoani, kule Pemba, hawahitaji mtu wa kuwasimulia kilichofuata. China haiwezi kwa urahisi hivyo, kwa sababu ya hesabu ya ardhi. Soya huko hutoa kama tani mbili kwa hekta, wakati mahindi hutoa mara tatu ya hapo. Kulima zile tani milioni 105 kungehitaji zaidi ya hekta milioni 50, na hizo zingetolewa kwenye mpunga, ngano na mahindi. Serikali yao iliamua mapema kwamba nafaka ya kula watu italimwa nyumbani, na protini ya nguruwe itanunuliwa. Wakati huo Wachina walikuwa wanatajirika na kula nyama zaidi mwaka hadi mwaka, na karibu nusu ya nguruwe wa dunia wako kwao. Mwaka 2000 waliagiza kama tani milioni 10. Ongezeko lote lililofuata ni la miaka ishirini na nne, umri wa kijana ambaye bado hajaoa.

Hata hivyo hawajalala. Wametangaza nia ya kupunguza sehemu ya mashudu ya soya katika chakula cha mifugo mpaka asilimia 10 ifikapo 2030. Mkulima wa Brazil aliyewahi kusoma habari za karafuu angelitazama tangazo hilo mara mbili.

Dagaa wa Peru

Hapa ndipo penye kisa ninachokipenda kuliko vyote, na ukikielewa hiki umeielewa nusu ya biashara ya soya.

Miaka ya 1960 protini ya kuku wa Ulaya na Amerika haikutoka kwenye soya peke yake. Ilitoka pia kwenye unga wa samaki, na samaki mwenyewe alikuwa dagaa wa Peru, wa ukoo mmoja na hawa wanaoanikwa kwenye chanja za pwani yetu. Mwaka 1970 Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa hao. Halafu mwaka 1972 ukaja El Niño: maji ya pwani yakapata joto, chakula cha dagaa kikapotea, na kwa kuwa walikuwa wamevuliwa kupita kiasi, wakatoweka. Mwaka 1973 uvuvi haukufika hata tani milioni tatu.

Wafugaji wote wakageukia soya kwa mpigo mmoja. Bei ikapaa. Nchini Marekani, ambako wakati huo ndiko ilikotoka karibu soya yote ya biashara ya kimataifa, bei ya nyama ilikuwa tayari inawakera wapiga kura. Tarehe 27 Juni 1973 serikali ya Rais Nixon ikasimamisha kuuza soya nje.

Amri hiyo haikudumu. Ilianza kulegezwa baada ya siku chache na miezi michache baadaye ikafutwa. Lakini fikiria ilivyopokelewa Japani, nchi ambayo tofu na supu ya miso ni kama kwetu wali na mchuzi, na ambayo ilitegemea soya ya Marekani karibu yote. Wajapani walielewa siku ile kwamba rafiki anaweza kukufungia duka bila kukupigia hodi. Wakaanza kutafuta duka jingine.

Wakalikuta Brazil, kwenye nyika kubwa ya katikati ya nchi inayoitwa Cerrado. Ilikuwa nyika ya kudharauliwa, yenye udongo mwekundu wenye tindikali kali. Pia kulikuwa na tatizo la jua. Soya ni mmea unaosoma urefu wa siku: siku zikiwa fupi, unatoa maua. Huko China na Illinois, Marekani, siku za kiangazi ni ndefu, mmea unapata muda wa kurefuka kwanza. Karibu na ikweta siku ni fupi mwaka mzima, hivyo mche unatoa maua ukiwa bado kibeti, na mavuno yanakuwa ya kuchekesha. Mwaka 1973 huo huo Brazil ilianzisha shirika lake la utafiti wa kilimo, Embrapa, na watafiti wake pamoja na wenzao wa vyuo wakapata mbegu zinazochelewa kutoa maua hata siku ikiwa fupi. Tindikali wakaitibu kwa chokaa, malori kwa malori. Naitrojeni hawakuhangaika nayo sana, kwa kuwa soya ni jamaa wa kunde na choroko: vijidudu vilivyomo kwenye vifundo vya mizizi yake huinasa kutoka hewani. Japani ikatia fedha na wataalamu.

Matokeo yake ni jimbo la Mato Grosso, ambalo peke yake sasa linavuna soya nyingi kuliko nchi karibu zote duniani. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Brazil ikaipita Marekani kwa uzalishaji. Mshindani mkubwa wa mkulima wa Marekani alizaliwa na amri ya miezi michache iliyotolewa na serikali yake mwenyewe, kwa sababu ya dagaa.

Gharama ya mafanikio hayo iko wazi pia: sehemu kubwa ya nyika ya Cerrado imelimwa ikaisha, na Amazon nayo iliguswa mpaka mwaka 2006, wafanyabiashara wakubwa walipokubaliana kutonunua soya ya mashamba mapya yaliyofyekwa msituni humo. Mjadala huo unaendelea, na unastahili makala yake.

Pishi ya Chicago

Bei yenyewe inapangwa wapi? Kwa kiasi kikubwa, Chicago, kwenye soko lililoanzishwa mwaka 1848. Huko soya huuzwa kwa busheli. Msomaji wa hapa asihangaike na neno hilo: busheli ilikuwa pishi yao, kipimo cha kujaza chombo, mpaka walipoifunga kwenye uzito. Kwa soya ni kilo 27.2.

Kinachouzwa Chicago si magunia. Ni ahadi: nitakupa soya mwezi Novemba kwa bei tuliyokubaliana leo. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mtu anapokodi mikarafuu ya mwenzake kabla haijakomaa, analipa leo kwa mavuno asiyoyaona. Mvua ikiharibu, hasara ni yake. Bei ikipanda, faida ni yake. Na mwenye mikarafuu amepata fedha ya ada za skuli bila kulala macho. Tofauti ni kwamba Chicago ahadi hiyo inauzwa na kuuzwa tena mara elfu kabla soya haijavunwa, na wengi wanaoinunua hawana haja na punje hata moja.

Mnunuzi wa kweli hulipa bei ya Chicago pamoja na nyongeza au punguzo la bandari anakopakilia. Ugomvi wa Marekani na China ulionyesha namna sehemu hizo mbili zinavyoweza kuachana. Julai 2018 China ilitoza ushuru wa asilimia 25 kwa soya ya Marekani, ikijibu ushuru wa Rais Trump. Bei ya Chicago ikashuka, nyongeza ya bandari za Brazil ikapanda. Soya ni ile ile, meli ni zile zile, lakini ya bandari ya Santos, Brazil, ikawa na wachumba wengi na ya New Orleans, Marekani, ikakaa ghalani. China iliyonunua karibu tani milioni 33 kutoka Marekani mwaka 2017 ilinunua nusu yake tu mwaka uliofuata, na serikali ya Marekani ikalazimika kuwalipa wakulima wake fidia ya mabilioni ya dola. Mwaka 2024, kati ya zile tani milioni 105, Brazil iliuza zaidi ya 70 kwa kila mia na Marekani 21 hivi. Mwaka 2025 ugomvi ukarudi, na msimu wa mavuno ya Marekani ulianza China ikiwa haijanunua kitu katika mavuno hayo mapya. Mwisho wa Oktoba ndipo marais wa nchi hizo mbili walipokutana Korea Kusini na China ikaahidi kuanza tena kununua.

Argentina ina mchezo wake. Kwa miaka mingi inatoza kodi kubwa soya inayotoka nchini, na viwanda vikajipanga kando ya mto Paraná, karibu na Rosario, vikikamua na kuuza mashudu na mafuta. Ndiyo muuzaji mkubwa wa mashudu duniani. China kwa upande wake hutaka punje nzima ili ikamue kwake. Kila mmoja anataka kinu kiwe uani kwake, na sisi wenye kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Mpaka Fuoni

Kiroba cha jirani yangu hakikutoka Mato Grosso. Chakula cha kuku kinachoshuka bandarini Malindi kinatoka viwanda vya bara, na viwanda hivyo hutumia soya ya Nyanda za Juu Kusini, kama Ruvuma na Njombe, pamoja na ya Zambia na Malawi. Basi Chicago inamhusu nini?

Inamhusu kwa njia ya mwenye kinu wa Lusaka. Huyo hauzi kwa gharama zake tu. Anajiuliza: huyu wa Dar asiponunua kwangu, atalipa kiasi gani kuleta mashudu kwa meli kutoka India au Argentina? Kisha anaomba bei iliyo chini ya hapo kidogo. Dunia ikipandisha, anapandisha, hata kama shamba lake halijabadilika kitu. Dunia ikishusha, halazimiki kushusha haraka, maana lori la Lusaka lina faida ya ujirani. Na kwao kukiwa na ukame, kama ule wa El Niño mwanzoni mwa 2024 ulioipiga Zambia na Malawi, bei hapa inapanda hata kama Brazil wanazama kwenye soya. Tumebanwa pande zote mbili.

Pia kuna mlango ambao Tanzania yenyewe iliufungua: tangu mwaka 2020 China imeruhusu soya ya Tanzania kuingia kwake. Ni habari njema kwa mkulima wa Songea. Kwa mfugaji wa Fuoni, ni mnunuzi mwingine kwenye foleni.

Mafuta nayo yana njia yake. Hata kama chupa yako imeandikwa mawese au alizeti, bei yake hutembea na ya soya, kwa sababu viwanda huhama kutoka mafuta haya kwenda yale. Mwaka 2022 vita vilikwamisha alizeti ya Ukraine, halafu mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje kwa wiki tatu na kitu; kila mpika maandazi wa hapa aliuona mwezi ule mfukoni mwake. Siku hizi kuna mshindani asiyekula kabisa: karibu nusu ya mafuta ya soya ya Marekani yanageuzwa dizeli, na Brazil inaamuru mafuta ya mimea yatiwe kwenye dizeli yake, asilimia 15 tangu Agosti 2025. Sisi tuliolelewa kwa tui na mafuta ya nazi tunashindania kikaango na malori.

Haya yote nilimweleza bi mkubwa barazani kwake, na nilikuwa nimejiandaa na karatasi. Alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika Peru, akanyanyua mkono.

"Kwa hiyo hao walitumia dagaa kabla ya soya."

Nikamwambia ndiyo.

Alicheka, akalifungua daftari ukurasa wa nyuma. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu apunguze mashudu na kuongeza dagaa waliosagwa, wale wadogo wasiofaa kuuzwa kwa kula, na trei za mayai hazikupungua. Safu ya dagaa aliichora kwa kalamu nyekundu. Ilianza vizuri, bei ya chini kabisa. Mstari wa tatu ilikuwa imepanda, na wa nne zaidi.

"Nilimuuliza muuzaji kuna nini tena," alisema. "Akanambia wamekuja wanunuzi wa Kongo."